Sabini na Moja kwa Mia

Mwalimu alilitupia jicho jedwali lile. Lilibandikwa ukutani, kando ya mlango wa chumba cha upasuaji: wagonjwa wa utumbo uliojisokota waliopasuliwa hapo, kwa makundi ya umri, waliopona safu hii, waliofariki safu ile. Waliofariki wote walikuwa ishirini na wanane. Kati yao, walio chini ya miaka mitano ni ishirini. Akapiga hesabu kichwani. Sabini na moja kwa mia!

Mwanawe, Kipipa, alikuwa na miaka mitatu. Alilala wodini tumbo limewambwa kama ngoma, hata kulia ameacha.

"Hapasuliwi," alimwambia mumewe, fundi bomba aliyekuja mbio na matope ya kazini miguuni. "Tumtoe, tukajaribu kwingine."

"Kwingine wapi, mama? Daktari kasema utumbo unaoza."

"Sabini na moja kwa mia wanakufa! Nitie saini mwanangu akafe?"

Daktari alisimama na karatasi ya ridhaa mkononi. "Mama, kila tunavyobishana anazidi kuharibika."

Fundi akamshika mkewe mkono. "Mimi hesabu zilinipita kando, unajua. Nioneshe hiyo sabini na moja imetoka wapi."

"Si hii hapa! Waliokufa ishirini na wanane, wadogo ishirini. Ishirini gawanya kwa..."

Akakatiza, akalitazama jedwali upya. Kosa hilohilo hulizungushia wino mwekundu kila muhula. Alikuwa amejibu swali lisilo lake: kati ya waliokufa, wadogo ni wangapi? La Kipipa lilikuwa jingine: kati ya wadogo waliopasuliwa, wangapi walikufa? Kwa kidole akaufuata mstari wa kundi la kwanza. Waliopona mia na themanini, waliofariki ishirini. Jumla mia mbili.

"Ishirini kwa mia mbili," alisema. "Kumi kwa mia. Wadogo wamejaa kwenye vifo kwa sababu ndio wanaoletwa wengi."

"Kwa hiyo tisini wanapona?"

"Wanapona."

Fundi akashusha pumzi. Mwalimu hakuweza. Hao ishirini nao walikuwa na mama zao, nao walisimama mlangoni hapa. Akatia saini, herufi zikaenda mrama, kitanda kikasukumwa ndani.

Waliketi sakafuni, benchi limejaa. Kila mlango ulipolia, mwalimu aliinuka. Alijaribu kuikumbatia ile tisini, ikampasukia mikononi. Alichokuwa nacho yeye ni mtoto mmoja tu.

"Akitoka," fundi alinong'ona, "avunje kila sahani ndani ya nyumba, simgusi."

Mwalimu alitaka kucheka, kikatoka kilio.

Hatimaye daktari alitokeza, barakoa imeshushwa kidevuni. "Tumekata kipande kilichooza. Mngemtoa hapa, msingefika naye popote. Yuko hai."

Walimkuta na mipira puani na mkononi, midomo imepasuka kwa ukavu. Akafumbua jicho moja. "Mama, maji."

Maji yalikuwa marufuku. Mwalimu alilowesha pamba, akampangusa midomo, na hapo kwikwi zikamshinda kabisa, hadi muuguzi akamshika mabega.

"Lia, mama, lia tu. Ila usinitikisie kitanda cha mgonjwa."