Moshi wa Alfajiri

Abdulwahid alipoifikisha gari yake gereji kwa Mmanga, Kikwajuni, ilikuwa saa tano ya mchana na injini imetulia tuli, haina hata dalili ya ugonjwa.

"Sasa hivi ndo inajifanya nzima," alisema Abdulwahid, aliyekuwa dereva wa teksi pale Darajani. "Ikilala ikapoa, asubuhi nikiiwasha inatetemeka kama mwenye homa. Moshi mweusi, mara inataka kuzima. Ikishapata moto, basi, huijui tena."

"Tangu lini?"

"Si nilikupigia simu, fundi? Tangu kabla baba hajafariki."

Mmanga akakumbuka. Simu ile ilimkuta chini ya lori, mikono imejaa girisi, akajibu ili mradi ajibu: iwashe mapema, iwache ingurume nusu saa, ikishika moto itatulia. Mwezi haukupita, Mzee Silima, babake Abdulwahid, akakutwa asubuhi kitandani keshakata roho. Mmanga alikwenda kuzika. Watu walisema ni amri ya Mungu, naye akasema vivyo hivyo.

"Ugonjwa wa baridi hautafutwi kwenye joto," alimwambia. "Kesho usiiwashe mpaka nije. Nikishasali alfajiri nnakuja kwako."

Nyumba ya Abdulwahid ilikuwa ukingoni mwa Mji Mkongwe, pale ambapo njia bado inaruhusu gari kupita. Chini palikuwa na chumba kikubwa kilichokuwa duka enzi za mababu. Humo ndimo alimolaza gari. Wenyewe wakilala juu.

Mlango ulifunguliwa na Ulfat, mkewe, kajifunga mtandio kwenye paji la uso.

"Kichwa, fundi. Kila asubuhi. Lakini mimi afadhali, mama ndo hali yake mbaya."

Akamweleza kwa sauti ya chini. Bi Tahiya, mkwewe, kila kukipambazuka hutapika na kulalamika kuwa kuna kitu kinamkalia kifuani. Ikifika adhuhuri, akishateremshwa barazani, huzungumza na wapita njia kama hakuumwa maisha yake. Mwalimu mmoja wa dua amekuja mara mbili, kafukiza ubani, kaandika kombe la kunywa. Kasema nyumba ina mwenyewe, jini, na mwenyewe hataki wageni.

"Keshamchukua baba," alisema Ulfat. "Sasa anamtaka mama."

Mmanga alipiga bismillahi kimoyomoyo. Hakuwa mtu wa kuyacheka mambo hayo.

Abdulwahid alishuka na funguo, wakaingia chumba cha gari, akaufunga mlango mkubwa wa njiani na kutia komeo.

"Mbona unafunga?" aliuliza Mmanga.

"Majirani wanalalamikia makelele. Nusu saa nzima, kama ulivyonambia, nani atavumilia?"

Akawasha. Injini ilikohoa, ikashika, ikaanza kutikisika hata taa za mbele zikacheza. Mmanga alifungua boneti, akasikiliza. Silinda moja ilikuwa haifanyi kazi sawasawa, na harufu ya petroli ilikuwa kali: nozeli ya kupulizia petroli ilivuja usiku kucha, injini ikaamka imelewa. Aliinama na tochi yake. Bomba la ekzosi lilikuwa na ufa mrefu karibu na injini, na moshi ukitoka hapo kwa nguvu.

Macho yalimuwasha. Alipojiinua kichwa kilikuwa kizito, naye hajakaa humo hata dakika kumi. Akainua tochi kuelekea dari. Kati ya boriti mbili palikuwa na mbao zilizoachana, mahali pa zamani pa kupandishia mizigo, na pembeni mwake chokaa ilikuwa nyeusi kama jikoni.

"Hapo juu analala nani?"

"Mama. Alikuwa akilala upande wa dirishani. Baba alipofariki, akahamia kitanda chake."

"Na kitanda cha baba kiko wapi?"

Abdulwahid alionyesha kwa kidole, moja kwa moja, kwenye mbao zile.

Juu yao kitu kilianguka, kizito, mara moja.

"Zima," alisema Mmanga, lakini hakungoja. Aliung'oa ufunguo mwenyewe, akafungua komeo, akapanda ngazi.

Bi Tahiya alikuwa sakafuni ubavuni mwa kitanda, midomo wazi. Walimbeba mpaka barazani, Ulfat akimpepea kwa ukingo wa kanga, na Abdulwahid akakimbilia gari ya jirani. Hospitali walimtia hewa ya oksijeni. Daktari aliuliza kama nyumbani wanapika kwa makaa ndani. Mmanga akamweleza kuhusu gari. Daktari aliacha kuandika.

"Moshi huo ni sumu. Siku moja zaidi, tungeletewa maiti," alisema.

Siku ile ile Mmanga aliisukuma gari nje, akabadilisha nozeli, akachomelea ekzosi. Asubuhi ya pili aliiwasha ikiwa baridi kabisa, ikatulia bila kutikisika. Abdulwahid alikuwa amesimama kando. Alikuwa amekwisha kupiga hesabu ya siku, tangu ile simu mpaka mazishi, na Mmanga aliiona hesabu hiyo usoni mwake.

Siku ya tatu Mmanga alikwenda wodini peke yake.

"Shikamoo, Bi Tahiya."

"Marahaba, mwanangu. Kaa."

Hakukaa. Alimwambia yote akiwa amesimama: ile simu, nusu saa, na namna alivyojibu bila ya kuuliza gari inalala wapi. Bi Tahiya alisikiliza akitazama dirishani, akiipitisha tasbihi yake punje moja moja. Mmanga alipomaliza, bibi aliishika punje moja, asiiachilie.

"Mzee alipata tabu?" aliuliza mwisho.

Mmanga hakujua. Hakuna aliyejua.

"Hapana," alisema. "Alilala tu."

Bi Tahiya aligeuza kichwa, akamtazama sawasawa kwa mara ya kwanza, na Mmanga akajua kuwa hakuaminiwa.