Mara ya Tano ya Derek Kuacha Bendi

Nasifu, dereva Mganda wa hoteli moja ya Bur Dubai, alikuwa ameshapewa onyo. Mwezi uliopita alipakia wauza mbolea wanne uwanja wa ndege akidhani ni wageni wa harusi. Kwa hiyo alipotumwa kuipokea Ludlow Crows, bendi kongwe ya roki kutoka Uingereza, alimwomba msimamizi wake, madam Masuda, picha yao. Akapewa ya vijana watano wenye nywele za mabegani.

Waliojitokeza walikuwa wazee wanne na mama mmoja mpiga kinanda. Nasifu akaitazama picha, akawatazama wao, akauliza kwa adabu ni nani kati yao aliyekuwemo pichani.

Walitazamana. Mpiga ngoma alieleza kwamba yeye alichukua nafasi ya mtu aliyechukua nafasi ya yule mwenye sharubu. Mwimbaji aliingia baada ya wawili kuacha na mmoja kufukuzwa. Mama wa kinanda alikuwa na miezi minane tu. Ndipo mzee Derek, mpiga gitaa la besi, akasema yeye yumo kwenye bendi tangu mwaka 1981, kwa hiyo bendi ni yake. Mpiga ngoma akamkumbusha kwamba ameshaiacha mara nne, na kila akirudi huhesabiwa upya.

Nasifu alimpigia madam, akaambiwa awalete hivyo hivyo walivyo.

Ugomvi uliendelea njia nzima. Walipofika hotelini Derek alikataa kushuka.

"Nimeacha bendi," alisema. "Nirudishe uwanja wa ndege."

Madam aliuliza mgeni wa tano yuko wapi. Nasifu akajibu kwamba amejiuzulu, akageuza gari.

Njiani Derek alikodolea macho simu yake kama mtu anayesubiri majibu ya hospitali. Alisema mara zote nne walimpigia kabla hajafika mbali. Nasifu akamhurumia, akapitia mtaa wa Rashidiya kwenye mgahawa wake wa kila siku, akaagiza chai ya maziwa na chapati mbili. Mzee alikula yake, kisha akamalizia ya Nasifu.

Simu ikalia. Derek akasikiliza, akakata akiwa amenuna.

"Wanasemaje, sir?"

"Hawaniombi nirudi. Wanauliza kama nimeondoka na waya wa kinanda."

"Umeondoka nao?"

Derek alifungua mkoba. Waya ulikuwa juu ya soksi, umekunjwa vizuri. "Bila huu hawawezi kupiga," alisema.

"Basi itabidi tuupeleke, sir."

"Itabidi."

Hotelini hakuna aliyemwomba mwenzake radhi. Mama wa kinanda aliupokea waya, akamsogezea Derek kiti. Kesho yake jioni walipiga saa mbili mfululizo. Nasifu, aliyesimama mlangoni, aliona makelele ni mengi mno, lakini hakuondoka. Mpiga ngoma alipoteza mdundo mara mbili, na mara zote mbili Derek alimsubiri.

Asubuhi, mayai yakiwa bado mezani, mwimbaji alitangaza kwamba ameacha bendi. Madam akatoka kumtafuta Nasifu, akamkuta kaunta ameshachukua funguo za gari.