Baiolojia kwenye Mistari ya Chai

Baiolojia ya kidato cha nne nilikuwa nimeifeli mara mbili, na mara zote mbili nilisoma mpaka macho yakauma. Nilikaa jikoni na kalamu ya njano, nikapaka kila mstari wa maana, na kwangu yote yalikuwa ya maana. Daftari likawa la njano, kichwa kikabaki cheupe. Chuo cha uuguzi kilitaka C ya Baiolojia tu. Mengine nilikuwa nayo. Nina miaka thelathini na nne. Nikajiambia, Felista, ukifeli tena unaacha.

Aliyeniokoa ni wifi yangu Ikupa, wala hakukusudia. Tulikuwa tunachuma chai shambani kwetu Kisondela, akaniuliza huwa nasoma nini hasa. Nikaanza kumweleza moyo, nikakwama sentensi ya pili. Aibu iliyonipata!

Ikupa aliishia darasa la saba, lakini hakubali kitu kirahisi.

"Damu imetoka moyoni, imeenda mapafuni, halafu inarudi tena moyoni?"

"Ndiyo."

"Ee wifi, si kupoteza nauli huko? Kwa nini isipitilize?"

Sikujua. Kesho yake nikamletea jibu kutoka kitabuni: ikishapita mapafuni inaishiwa nguvu, lazima isukumwe upya. Akaridhika. Siku nne baadaye akauliza lile lile, ati amesahau. Nilimchukia kweli. Ikabidi nilivute jibu kichwani bila kitabu, huku vidole vikichuma majani mawili na kichipukizi. Msimu mzima tukaenda hivyo, mstari huu wa chai figo, ule macho.

Siku ya mtihani, Tukuyu, swali la kwanza kubwa likawa moyo. Kichwa kikafunga. Sikukumbuka hata damu huingilia upande gani. Basi nikashusha mikono chini ya meza, nikaanza kuchuma hewa.

"Mama, una nini mapajani?" msimamizi akanijia juu.

"Vidole."

Akanisimamisha, nikakung'uta kitenge mbele ya watoto wa watu. Hakikudondoka kitu.

"Sasa vilikuwa vinafanya nini?"

"Vinachuma chai, mwalimu."

Chumba kizima kikacheka. Akabaki amenisimamia kichwani. Nami sikujali, nikachuma, na sauti ya Ikupa ikaanza kunilalamikia ile nauli akilini. Nikaandika ukurasa na nusu.

Matokeo yalitoka Januari: C. Nilipiga kelele, Ikupa akapiga vigelegele, tukacheza katikati ya chai mpaka tenga likamwagika. Kisha akainama kuokota majani.

"Sasa ukienda chuo, figo nitaelezwa na nani?"

Moyo uliniuma. Miezi yote ile nilidhani ananisaidia mimi, kumbe naye alikuwa anasoma, na mimi nilikuwa nawaza kuondoka tu.

"Nieleze wewe," nikamwambia.

"Nieleze nini, mimi niliyekuwa nauliza tu?"

Lakini akaanza, kwa hasira, huku anachuma. Akaichukua damu tangu inapoingia kwenye figo ikiwa na taka, akaichuja, akairudisha safi, na mkojo akautafutia njia yake. Hakukwama popote. Alipomaliza alinitazama kama mtu aliyesikia sauti ya mgeni kinywani mwake, tukalia wote wawili.

Jumatatu tulishuka Tukuyu kuchukua fomu ya mtihani wa maarifa, ule wanaoanzia walioishia darasa la saba. Penye jina la mtahiniwa akaandika IKUPA, taratibu, kwa herufi kubwa, kisha akamuuliza karani kama kalamu ya bluu inakubalika.