Saini Kwanza, Mkubwa

Kwa miaka sita, kila Alhamisi baada ya taarifa ya habari, watu walikaa mbele ya runinga kuicheka ofisi ya kubuni iliyoitwa Ghorofa ya Tatu. Humo alikuwamo Bosi mwenye tumbo kubwa na tai fupi, katibu wake mwenye maringo, na mhasibu aliyejua kulala huku macho yakiwa wazi. Na mlangoni, nyuma ya meza ya mbao yenye doa la wino upande wa kulia, alikaa Bi Saini.

Kazi ya Bi Saini ilikuwa moja tu. Hapiti mtu. Awe mgeni, awe Bosi mwenyewe, lazima aandike kwenye daftari jina lake, saa ya kuingia, saa ya kutoka, na alichobeba. "Saini kwanza," ndiyo maneno yake, basi. Kuna wiki aliyasema mara tatu. Kuna wiki hakupewa hata hayo, akaishia kukohoa. Lakini akienda dukani watoto wa mtaani walimzibia njia, "Bibi, saini kwanza," naye akawatandazia kiganja, wakaandika kwa vidole, mmoja baada ya mwingine, ndipo wampishe.

Aliyemwigiza alikuwa mjane wa makamo, na jina hilo la mchezoni lilikuwa limemganda kama kovu la ndui. Jambo ambalo wengi hawakulijua ni kwamba daftari lile alilijaza kweli. Wenzake wakipita walitaka kuchora-chora tu mbele ya kamera, waende zao. Yeye hakukubali. "Andika sawasawa, baba," alinong'ona. "Kamera haioni, mimi naona." Wakaandika, nusu kwa utani nusu kwa kumwogopa. Madaftari yalikuwa yamefika matatu, yamepangwa ndani ya droo, na kila ukurasa una tarehe.

Ufundi huo aliupata kwa wifi yake, dada wa marehemu mumewe, aliyekuwa akiishi naye nyumba moja. Wifi alikuwa amekaa mlangoni pa zahanati miaka ishirini na saba. Ndiye aliyemfundisha kufunga kalamu kwa uzi kwenye mguu wa meza, kumtazama mtu usoni kabla ya kuutazama mzigo wake, na kuligeuza daftari kwa vidole viwili ili mgeni asipinde shingo. Kila Alhamisi alikuwa na lake la kusema.

"Leo umelisogeza daftari kama unamsukuma mbuzi," atasema akimenya karanga. "Mgeni hasukumiwi, wifi. Anageuziwa."

"Na wewe uliona hilo tu?"

"Na mguu wako mmoja. Hongera, safari hii kamera imeuonyesha."

Basi, ikafika zamu ya kipindi cha mwisho cha msimu. Msimu mzima watu walikuwa wanajiuliza ni nani aliyeiba feni mpya ya kusimama, iliyonunuliwa kwa ajili ya wafanyakazi. Bi Saini aliletewa maandishi ya mchezo, akavaa miwani, akakaa mezani nyumbani, akafunua taratibu kama kawaida yake. Ukurasa wa thelathini na moja akalikuta jibu. Mwizi ni Bi Saini. Kaitoa feni kipande kipande ndani ya mkoba wake. Polisi anamfungua mkoba, panatoka panga la feni, naye anapiga magoti na kusema: "Nisameheni wakubwa zangu. Mimi mtu wa chini, tamaa iliniponza."

Akavua miwani. Akaipangusa kwa pindo la kanga. Akavaa, akasoma tena, maneno yakawa yale yale. Miaka sita hajawahi kupewa maneno mengi kiasi hicho, na yalipokuja, yalikuja ya kumpaka matope.

Wifi alisoma juu ya bega lake. Hakucheka.

"Mimi mkoba wangu unafunguliwa kila jioni," alisema. "Miaka ishirini na saba. Wanatoa kitambaa, wanatoa dawa zangu za presha, wanakung'uta hadi mwavuli. Na gari la mganga mkuu linapita geti hilo hilo, sijaona hata siku moja likifunguliwa buti."

"Najua, wifi."

"Hujui. Nimewaalika wenzangu wanne wa milangoni waje Jumamosi kukutazama mkirekodi. Mmoja kabadilishana zamu, mwingine kaomba ruhusa kazini. Wanasema wewe ndiye peke yako unayewaonyesha kwa heshima kwenye runinga. Sasa niwaambie nini? Njooni mumwone mwenzenu anavyoiba feni?"

Bi Saini hakulala vizuri. Asubuhi akaenda kazini mapema, akatoa daftari la tatu kwenye droo.

Aliwakuta muongozaji na kijana anayeandika mchezo kwenye chumba cha kuvalia. Bosi naye alikuwapo, anakunywa chai, tai iko shingoni na shati halijafungwa.

"Mama yangu, si ufurahi," muongozaji alisema hata kabla hajasalimiwa. "Umepewa ukurasa mzima. Jumamosi utakuwa malkia."

Kilemba cha ukoka hicho, naye alikijua. "Malkia wa wezi," alijibu. "Mwanangu, feni ile ina mti mrefu kukushinda wewe. Niliuingizaje kwenye mkoba?"

"Ni kichekesho, mama," mwandishi alisema. "Na utamu wake ndio huo. Hakuna atakayekudhania. Nani huwa anamwangalia mtu wa mlangoni?"

"Wa milangoni wenzangu wananiangalia. Halafu kichekesho nacho kina akili yake." Akaweka daftari mezani, akalifungua mahali alipotia uzi mwekundu. "Kipindi cha nne. Siku iliyofuata feni haipo. Nani alitoka na boksi?"

Mwandishi akasoma, akajikuna kichwa. "Aa, hilo. Lilikuwa tupu. Maandishi yalisema Bosi anatoka na vitabu vyake, mtu wa vifaa akakosa boksi jingine, akachukua lile la feni."

"Tupu au limejaa, liliandikwa. Nchi nzima ilimwona amelikumbatia. Na saini si yangu."

Bosi akashusha kikombe. "Kwa hiyo mwizi niwe mimi? Mimi watu wananipenda, bibi."

"Ndiyo maana hupekuliwi."

Muongozaji akatazama saa. Alikuwa mtu mpole akikubaliwa, na leo hakukubaliwa. "Sikiliza, Bi Saini. Hilo daftari ni pambo la meza, kama ule mmea wa plastiki. Jumamosi utasema yaliyoandikwa. Hutaki, kiti hakikosi mkaaji."

Alilifunga daftari polepole. Miaka sita. Hakuwahi kuchelewa, hakuwahi kusahau neno, ingawa watasema maneno yenyewe ni mawili. Alipofiwa na mumewe alirudi kazini baada ya siku tatu, akakaa, akakohoa mahali pa kukohoa. Leo ni mmea wa plastiki.

Jumamosi alasiri ukumbi ulijaa. Kwenye mstari wa pili alimwona wifi na wenzake wanne, wamejipamba, mikoba imepakatwa mapajani. Wifi hakuwaambia chochote. Aliwaacha wakae tu, wakitabasamu.

Mchezo ukaenda vizuri hadi ukurasa wa thelathini na moja. Polisi akaingia, pingu mkononi. Bosi akamnyooshea Bi Saini kidole. "Mfungue mkoba."

Hapo ndipo alipotakiwa kupiga magoti. Akatazama mstari wa pili. Tabasamu zilikuwa zimezimika, na mmoja wa wale wanawake alikuwa ameshika vishikio vya mkoba wake kwa mikono miwili, kama anayejua kinachofuata.

Bi Saini hakupiga magoti, na mkoba hakuufungua. Alivuta droo, akatoa daftari, akaenda kwenye uzi mwekundu, akamgeuzia Bosi kwa vidole viwili.

"Soma, mkubwa."

Bosi akamtazama muongozaji. Muongozaji alikuwa ameinua mkono, lakini ukumbi umetulia, macho yote yako mlangoni, na Bosi ni mwigizaji wa siku nyingi, anayeogopa kimya cha watazamaji kuliko simba. Akasoma.

"Jumanne. Saa kumi na nusu jioni. Boksi moja... kubwa... la feni."

"Saini ya nani?"

Bosi akainamia ukurasa. "Yangu."

Kicheko kilianzia mstari wa pili, cha wifi mwenyewe, kikavu kama kikohozi, halafu ukumbi mzima ukaangua. Bosi, lolote utakalomsema, kicheko alikijua. Akalegeza tai. "Nyumbani kuna joto," alisema kwa sauti ndogo, watu wakapiga miguu chini. Yule polisi akabaki amesimama na pingu, mara amtazame huyu, mara yule, mwisho akamvisha Bosi.

"Simamisha," muongozaji alisema. "Tunarudia. Kama ilivyoandikwa."

Wakarudia. Bi Saini akafika penye "Nisameheni," akafunga mdomo. Wakarudia mara ya tatu, akafunga mdomo. Miaka sita walikuwa wamemfundisha kunyamaza, sasa wakaona alivyofuzu. Watazamaji nao wakaanza kunung'unika, mzee mmoja nyuma akasema waziwazi, "Jamani, saini si tumeisikia ni ya nani?"

Mara ya nne haikuwapo. Watu walianza kuondoka, na muongozaji akaja mezani, jasho linamtiririka shingoni. Radhi hakuomba.

"Tutatumia ile ya kwanza," alisema. "Kuhusu kiti chako tutazungumza wiki ijayo."

"Tutazungumza."

"Na hilo daftari nipe, mwandishi akalisome. Sijui mna nini kingine humo." Akanyoosha mkono.

Bi Saini alilisukuma daftari kidogo, ila kiganja chake kikabaki juu yake. Kwa mkono wa pili akavuta droo, akatoa daftari jingine, jipya, ambalo lilikuwa halijaandikwa hata mstari. Akafungua ukurasa wa kwanza, akaunyoosha kwa kiganja, akamgeuzia kwa vidole viwili.

"Mimi ndiye muongozaji," muongozaji alisema.

"Nakujua, baba. Jina, saa ya kutoka, na ulichobeba."

Wifi na wenzake wanne walikuwa wamefika mlangoni na mikoba yao. Walisimama nyuma ya muongozaji, wakapanga mstari, wakingoja amalize. Muongozaji akainama, akaishika kalamu iliyofungwa kwa uzi, akaandika.

Bi Saini akasoma, akamgeuzia tena ukurasa.

"Umeandika daftari. Yapo matatu humu ndani. Andika daftari moja."