Blanketi la Vitenge Vipya

Bonifasia hakuwa na neno na jirani yake Anjelina, mpaka siku ile jumuiya iliposali kwa Anjelina na watu wakasahau rozari kwa kulishikashika blanketi lake. Blanketi lenyewe viraka vitupu: mashati ya shule, suruali za shambani, na, jamani, pazia ambalo Bonifasia alilitupa mwenyewe mwaka jana!

"Hili, mama, hata baridi ya Mbinga italiogopa," Katekista Mansuetus akasema.

Wivu ukamkwama Bonifasia kooni kama mwiba wa samaki mbasa. Yaani takataka zake ndizo zimpatie mwenzake sifa? Alipofika kwake alifungua sanduku, akatoa vitenge vyake vipya, hata kile cha Pasaka, akavikatakata. Juma zima alishona, kahawa ikimwivia shambani.

Blanketi likatoka linawaka. Akalifua makusudi, apate kulianika mbele ya mlango wa Anjelina.

Lilipotoka kwenye beseni, nyekundu ilikuwa imeingia kwenye njano, buluu imekula nyeupe, na vipande vimesinyaa kila kimoja kwa namna yake.

Anjelina akaja, akaligusa taratibu.

"Pole, dada. Kitenge kipya lazima kichuje. Ndiyo maana mimi hushona matambara. Ila usilitupe. Sasa limeshachuja, naomba vipande. Katekista anataka nimshonee la kwake."