Pumzi Ndani ya Diski

Diski ilifika saa nane mchana, imefungwa kwa karatasi ngumu. Kampuni ilikuwa imetangaza kwamba baada ya nakala mia mbili za diski hii haitatoa tena diski za sauti ya hali ya juu. Anayetaka muziki asikilize kwenye simu. Kilabu cha wapenzi wa diski, ambacho zamani kilijaza sebule mbili, kilibaki na watu wanne, na mmoja wao siku hizi hasikii vizuri.

Aliyeipokea aliitwa Masikio. Kwa miaka arobaini alikuwa fundi wa kurekebisha piano, na jina hilo la utani likamganda.

"Baba, muziki huohuo ninao hapa," binti yake alisema, akimwonyesha simu. "Tena haushiki vumbi."

"Huo wako ni picha ya chakula, mwanangu. Mimi nataka kula."

Aliiweka diski kwenye mashine, akaketi. Ilikuwa piano peke yake, iliyorekodiwa miaka thelathini nyuma katika ukumbi alioufahamu vizuri. Alisikia vinyundo vikigusa nyuzi, na kiti cha mpigaji kikilalamika. Kisha, upande wa kushoto, nyuma kidogo ya piano, akasikia mtu akipumua. Pumzi mbili fupi, moja ndefu, na kamluzi kadogo puani.

Akaitambua. Mdogo wake ndiye aliyepumua hivyo, tangu enzi walipolala kitanda kimoja.

Kwenye simu ya binti hakukuwa na kitu. Kwenye diski pumzi ilikuwepo, na kila alipoirudia ilikuwa imesogea karibu zaidi.

Akampigia simu fundi mitambo aliyerekodi muziki ule. Kesho yake mchana mzee huyo akaja, kanda ya asili kwapani.

"Mdogo wangu alikuwepo siku ile?" Masikio aliuliza.

Fundi mitambo alimtazama. "Ndugu yangu, mdogo wako alianguka jukwaani Jumatatu, akihangaika na piano ileile. Mkamzika Jumatano. Sisi tulirekodi Jumamosi, na ukumbini tulikuwa wawili tu, mimi na mpigaji."

Jumatatu hiyo Masikio aliijua. Alikuwa ameahidi kwenda kumsaidia mdogo wake kusogeza piano, akapitiwa na kazi nyingine. Hakuwahi kumwambia mtu.

Walisikiliza kanda kwanza: piano tupu. Wakaweka diski. Wimbo wa mwisho ulipokwisha, ukimya ukatanda kwenye spika, na ndani yake sauti ya kijana ikauliza taratibu:

"Kaka, umekuja?"

Binti alikuwa mlangoni na sinia ya chai. Vikombe viligongana. "Baba, nani anakuita?"

Masikio hakugeuka. "Nimekuja," alisema. "Nimechelewa, lakini nimekuja."

Diski ikazunguka mpaka ikasimama. Fundi mitambo, kwa mazoea ya kazi, aliirudisha mwanzo, akavaa spika za masikioni na kusikiliza muda mrefu. Alipozivua, alizishika mapajani kana kwamba hajui pa kuziweka.

"Sasa wako wawili," alisema. "Wanapumua pamoja."

"Wa pili ni nani?"

Fundi mitambo alikuwa akitazama kifua cha Masikio, kilivyopanda na kushuka kwa mwendo uleule aliotoka kuusikia.

Akakusanya kanda yake akaondoka, chai hakuigusa. Tangu siku hiyo hakupokea tena simu zao.

Binti alitaka kuivunja diski. Baba yake akamshika mkono kwa upole.

"Mdogo wangu alikuwa mwoga wa kukaa peke yake," alisema, akaiwasha tena mashine.

Binti alitoka akakaa uani. Mlango aliuacha wazi, apate kuona kama baba yake bado anapumua.