Mba Mabegani mwa Meneja

Jumatatu asubuhi, dada wa mapokezi wa hoteli alimpa mgeni ufunguo wa chumba, na mgeni akaufuta kwa leso kabla ya kuutia mfukoni. Mba za dada zilikuwa zimedondoka kwenye kaunta, chache tu, kama unga uliopita chekecheke. Meneja aliyaona hayo akiwa mlangoni mwa ofisi yake. Kufika mchana dada alikuwa ameshahamishiwa chumba cha kufulia, huko chini kwenye mapipa ya sabuni, ambako wageni hawafiki.

"Usilichukulie vibaya," meneja alimwambia. "Hapa sisi ni familia moja."

Alipofunga mdomo, mba zikaanza kumdondokea yeye. Zilitoka hewani, shibri moja juu ya kichwa chake, zikatua kwenye koti jeusi. Meneja hakuwa na hata unywele mmoja. Mhasibu aliyekuwa karibu alimpangusa, akauliza feni ya dari itasafishwa lini.

Dada aliipenda kaunta ile. Alimjua mgeni anayetaka chumba mbali na lifti, na yule anayemwambia mkewe kwenye simu kwamba yuko kikaoni. Kazi nyingine hakuitaka. Akaamua kukitibu kichwa ili arudi.

Shangazi yake, ambaye kwa ushauri hajambo, alikuwa akimpaka mafuta kichwani kila jioni.

"Kichwa kikavu hiki, mwanangu. Kina njaa ya mafuta."

Kadiri alivyopaka ndivyo magamba yalivyozidi, na kadiri yalivyozidi ndivyo shangazi alivyoongeza. Bidii yao ilikuwa ya kupigiwa mfano.

Daktari wa ngozi alimkagua kichwani, nyuma ya masikio na kwenye nyusi.

"Huu si uchafu, wala hauambukizi," alisema. "Ila hayo mafuta ndiyo chakula cha fangasi wa ngozini. Acheni kuwalisha. Nunua shampuu ya dawa, duka la dawa lolote wanayo. Mara mbili kwa wiki, uiache kichwani dakika tano ndipo usuuze. Mba zitatulia, lakini ukichoka au ukikasirishwa zinaweza kurudi. Unafanya kazi wapi?"

"Hotelini. Kwenye familia."

Daktari akamwandikia na krimu ya nyusi.

Shangazi aliinunia ile shampuu siku nzima, kisha akajipaka mwenyewe mafuta yaliyobaki, maana mali haitupwi.

Huko hotelini mambo yaliendelea kama kawaida. Mpishi alipoomba ruhusa akamwuguze mkewe, meneja alimjibu kwamba familia haiachani msimu wa wageni, na mba zikamfika meneja vifundoni. Wafagizi walileta koleo. Yeye naye alikwenda kwa daktari yuleyule, akaambiwa ngozi yake haina kasoro, na kwamba hilo lingine halitibiwi kwa shampuu. Alinunua chupa tatu hata hivyo. Hakuna aliyependekeza ahamishiwe kwenye mapipa ya sabuni. Wageni waliambiwa kuwa jengo linafanyiwa ukarabati.

Kichwa cha dada kilipotakata, alizisuka nywele zake vizuri akapanda juu. Meneja alimpokea kwa tabasamu.

"Umependeza kweli! Nina habari njema. Unarudi juu leo leo."

Dada aliigeukia kaunta yake. Kisha akamwona msichana aliyekaa kwenye kaunta, akitafuta funguo kwenye droo isiyo yake.

"Pale yupo mpwa wangu sasa," meneja alisema. "Yule ni familia."

Dada alisubiri. Mhasibu naye alisubiri. Haikudondoka hata chembe moja. Katika yote aliyotendewa, hilo ndilo lililomchoma dada kuliko yote, kwa sababu safari hii meneja alikuwa amesema kweli.

Alipewa brashi ya nguo yenye mpini wa mbao, akaonyeshwa pa kusimama: hatua moja nyuma ya meneja, upande wa kushoto. Mlango ulifunguka, wakaingia wageni wawili na masanduku yao.

"Karibuni sana," meneja alisema, mikono ameitandaza. "Jisikieni nyumbani. Hapa sisi ni familia moja."

Dada akaanza na bega la kulia. Wageni waliuliza kama chumba kina maji ya moto.